Nguvu Hazijengwi kwa Adhabu

Watu husema: mwili haujengwi kwa matofali. Maana yake ni kwamba mtu asiyekula hawezi kazi. Neno hilo ni kweli, nasi hatuna la kulipinga. Lakini twapenda kuweka neno jingine kando yake: mwili haujengwi kwa fimbo pia. Ndilo tunalotaka kuzungumza nanyi leo, tukichukua mfano wa mazoezi mawili ambayo kila mtu anayajua, hata yule asiyeyafanya kamwe. La kwanza ni lile la kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono miwili. Vijana wetu wa Kongo huliita pompe. La pili ni lile la kutia nguvu misuli ya tumbo; wao huliita abdo.

Huenda mmoja wenu atauliza: Katekista ana shauri gani na pompe? Tutamjibu bila kuona haya. Sisi tumekwisha kupita miaka 30. Kila juma twapanda baiskeli kwenda vijiji vya mbali, na njia zetu mwazijua: mlima, mchanga, matope, na mto usio na daraja, ambapo baiskeli hubebwa begani. Tukirudi nyumbani kuna shamba la mihogo, kuna kuni, kuna bidoni za maji za litri 20. Mwili ndio chombo cha kazi hizo zote. Mwenye shoka hulinoa. Mwenye baiskeli huitia mafuta. Je, mwenye mwili afanye nini?

Tena mwawajua wazee wale waliokuwa wabebaji mashuhuri ujanani mwao, watu wa kujitwika gunia la makala bila kusaidiwa. Leo wengine wao hawawezi kuinuka kitini wasiposhikwa mkono. Twadhani ni uzee tu. Uzee una sehemu yake, lakini si peke yake. Madaktari wanatufundisha kwamba tangu miaka 30 hivi mwili huanza kupunguza misuli yake, kama 3 hata 8 kwa mia kila miaka kumi, na asiyeitumikisha huipoteza upesi zaidi. Mtu hasikii maumivu yo yote. Ni kama mchwa ndani ya nguzo: nyumba yasimama vizuri, mpaka siku paa linapoinama. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, halikutosheka kuwaambia watu wazima watembee na kukimbia. Liliongeza kwamba yawapasa kutumikisha misuli yote mikubwa ya mwili walau siku mbili kwa juma.

Basi, tangu miaka kadhaa twakusanyika uwanjani pamoja na vijana wa kwetu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, asubuhi mapema kabla ya jua kali. Seminarini tulizoezwa kunyosha viungo kila siku, na desturi hiyo hatukuitupa. Hatuna vyuma vya kuinua, wala nyumba ya michezo. Tuna ardhi, tuna ukuta wa darasa, tuna benchi mbili.

Siku moja alikuja kijana mmoja, akaketi pembeni asiingie kati yetu. Alikuja tena, akaketi tena. Mara ya tatu tulimwendea kumsalimu. Akatuambia: «Mwalimu, unisamehe. Hawa wanajifurahisha. Mimi pompe nilipigishwa porini. Mkubwa wetu ndiye alikuwa anahesabu. Akifika 50, kama uso wako haumpendezi, anarudi kwenye moja. Sitalala tena chini mbele ya mtu.»

Wapenzi wasomaji, maneno hayo yalitukaa moyoni. Si yeye peke yake. Ni wangapi kwetu waliojua pompe kwanza kama adhabu? Mwanafunzi aliyechelewa darasani: pompe. Mpita njia aliyekutwa hana kitambulisho: pompe. Ndiyo maana watoto wengi, wakisikia neno hilo, hutazama kwanza nani ameshika fimbo. Zoezi lililo zuri limevishwa nguo ya aibu. Nasi tulijiuliza: Je, kuna tofauti gani kati ya pompe 20 za adhabu na pompe 20 za afya? Mikono ni ile ile, ardhi ni ile ile, jasho ni lile lile.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Haimo katika moyo tu, imo hata katika nyama za mwili. Sikilizeni jinsi nguvu inavyopatikana. Mtu anapofanya kazi nzito kuliko alivyozoea, misuli yake huchoka, na nyuzi zake nyembamba huumia kidogo. Wakati huo hajawa na nguvu zaidi; ana nguvu chache kuliko asubuhi. Nguvu huja baadaye, anapokula, anapopumzika, na hasa anapolala usingizi. Hapo mwili hutengeneza kilichoumia, na kwa kuwa hautaki kushindwa tena, hukiimarisha kidogo kuliko kwanza. Kwa hiyo kazi ni nusu tu ya zoezi. Nusu ya pili ni kupumzika.

Sasa mtazameni mwenye kuadhibu. Yeye hajui nusu ya pili. Hauulizi mwili umechoka kiasi gani, wala kama umekula. Hesabu yake haifuati nguvu za mtu, yafuata hasira yake mwenyewe. Na tusidhani kwamba hasara yake ni uchovu tu. Mtu akilazimishwa kupita kiasi, hasa penye joto na bila maji, misuli yaweza kuvunjika sana, na uchafu wake kuingia katika damu na kuziba mafigo. Mkojo wake hugeuka kuwa mweusi kama chai kali. Watu wamelazwa hospitali kwa sababu hiyo, na wengine wamekufa. Mwalimu wa shule au mzazi anayesoma habari hii afadhali alijue jambo hilo kabla ya kutamka adhabu ya namna hiyo.

Yule kijana hatukumshurutisha. Tulimwomba kazi moja: atuangalizie saa, atuambie dakika mbili za kupumzika zikiisha. Alikubali. Baada ya majuma machache tulimwona kando ya ukuta wa darasa, amesimama, mikono ukutani, akijisukuma polepole. Alifanya mara nne, akaacha. Hakuna aliyempigia makofi, wala aliyemhesabia. Leo hufika 20 chini kabisa, na akifika 20 huacha, ingawa sisi twaona kwamba aweza kuendelea. Tulipomwuliza sababu, alisema: «Kwa kuwa ninaweza kuacha.»

Basi tuwaeleze namna tunavyofanya, ili kila mtu aweze kuanza kwake.

Kwanza, pompe ina ngazi zake, na hakuna haya kuanza chini. Anayejisukuma ukutani huinua sehemu ndogo tu ya uzito wake. Anayeweka mikono juu ya benchi huinua zaidi. Anayepiga magoti chini huinua karibu nusu ya uzito wa mwili wake. Anayenyosha miguu yote na kusimama juu ya vidole huinua karibu theluthi mbili. Basi mtu wa kilo 60, akipiga pompe kamili, ni kama ainuaye mzigo wa kilo 40 hivi. Je, mtu asiyeinua kilo 10 toka mwaka jana aanze na kilo 40? Aanze ukutani. Akiweza mara 15 bila kuhangaika, aende kwenye benchi, kisha magoti, kisha chini.

Pili, umbo la mwili. Mikono iwe upana wa mabega au zaidi kidogo. Viwiko visitanuliwe kama mabawa ya kuku anayekimbia, virudi nyuma kidogo kuelekea mbavuni. Toka kichwa hata visigino, mwili uwe umenyooka. Kiuno kisining'inie kama kitanda cha kamba kilicholegea, wala makalio yasiinuke juu. Shuka polepole, inuka kwa nguvu. Vuta pumzi ukishuka, itoe ukiinuka, usiizuie kifuani kamwe, kwa maana kuizuia hupandisha damu kwa ghafula.

Tatu, kiasi. Acha wakati unapohisi kwamba ungeweza bado mara mbili au tatu. Pumzika dakika mbili, rudia. Fanya hivyo mara tatu, basi imetosha kwa siku hiyo. Kesho mwache mwili ujitengeneze, keshokutwa rudi. Juma linalofuata ongeza moja au mbili, si kumi. Katika majuma ya kwanza utaona nguvu zimeongezeka ingawa mkono haujanenepa. Usishangae: mishipa ya fahamu ndiyo inayojifunza kwanza kuiamuru misuli. Misuli yenyewe hukua baadaye, baada ya majuma kadhaa ya uaminifu. Wengi huacha hapo hapo, kwa kuwa kioo hakijawaonyesha kitu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini asiyengoja kibaba kijae atasema haba ni uongo.

Tuje sasa kwenye tumbo. Vijana wengi hutuambia: «Mwalimu, twataka tumbo la vipande vipande.» Na watu wazima husema: «Twataka kuondoa kitambi.» Twawajibu wote wawili kwa neno moja: misuli ya tumbo haikuwekwa kwa ajili ya kutazamwa. Imo misuli ya mbele, imo ya ubavuni iliyopishana, na ndani kabisa umo ule unaozunguka kiuno kama kitambaa anachojifunga mama baada ya kuzaa. Kazi yao ni kuushika mgongo usiyumbe tunapobeba, tunapolima, tunapoinama kuteka maji. Tumbo likilegea, mgongo hubeba peke yake, na hapo ndipo wengi wetu huanza kushika kiuno jioni.

Kuhusu kitambi, tusidanganyane. Kufanya abdo 100 kwa siku hakuyeyushi mafuta yaliyo juu ya tumbo. Mafuta ya mwili hupungua mwili mzima pamoja, kwa kula kwa kiasi, kwa kupunguza pombe na sukari, kwa kutembea na kufanya kazi. Mwili hauchagui mahali kwa sababu sisi tumepasugua.

Tena lile zoezi la zamani la kulala chali, kushika kisogo na kuketi upesi upesi, si lazima. Jeshi la Marekani liliwapima askari wake kwa zoezi hilo toka mwaka 1980: kila mmoja aketi na kulala mara nyingi awezavyo katika dakika mbili. Mwaka 2022 kipimo kipya kiliingia bila zoezi hilo, na mahali pake askari hushikilia mwili wake kama ubao. Bwana Stuart McGill, mtaalamu wa mgongo aliyefundisha miaka mingi katika chuo kikuu cha Waterloo, nchi ya Kanada, ameonyesha kwamba kuupinda mgongo mara nyingi mno chini ya mzigo huzichosha zile pete laini zilizo kati ya pingili zake. Si kwamba kila aliyefanya zoezi hilo ataumia. Lakini ikiwa iko njia isiyo na hatari hiyo, kwa nini tusiifuate?

Njia hizo ni tatu, na zote hufanywa juu ya mkeka. Ya kwanza ni ubao: lala kifudifudi, inuka juu ya viwiko na vidole vya miguu, kaa umenyooka bila kutikisika. Anza na sekunde 10, pumzika, rudia mara tano. Ya pili ni ubao wa ubavu: inuka juu ya kiwiko kimoja, ubavu ukitazama chini, kisha geuka upande mwingine. Ya tatu: piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, nyosha mkono wa kuume mbele na mguu wa kushoto nyuma, kaa hivyo sekunde chache, kisha badilisha. Mazoezi hayo hayana kelele wala majivuno. Atazamaye kwa mbali ataona watu wamelala tu. Lakini ajaribu mwenyewe!

Tukizungumza hivyo, vijana hututajia mara kwa mara pambano la ngumi la Kinshasa, la tarehe 30 Oktoba 1974. Nasi twalipokea kwa furaha, kwa maana lafundisha jambo letu. Muhammad Ali alikuwa na umri wa miaka 32, na George Foreman miaka 25 tu. Foreman alikuwa amewaangusha Joe Frazier na Ken Norton, kila mmoja katika raundi ya pili. Ali alifanya nini? Aliegemea kamba za ulingo, akafunika uso kwa mikono, akaacha ngumi zianguke juu ya mikono na mwilini mwake, raundi baada ya raundi, mpaka kijana yule mwenye nguvu akachoka. Katika raundi ya nane alimwangusha. Kama tumbo na mbavu zake zingekuwa laini, ujanja huo ungemwua. Basi nguvu za kustahimili alizipata lini? Si Kinshasa. Alianza kujifunza ngumi mwaka 1954 katika mji wa Louisville, mtoto wa miaka 12, baada ya kuibiwa baiskeli yake. Hesabuni wenyewe: ni miaka 20. Watu waliona usiku mmoja tu. Asubuhi zote zile hawakuziona.

Sisi hatutafuti ulingo. Twatafuta moyo ulio mzima na mgongo usiouma. Katika jambo la moyo, wataalamu wa Marekani walitangaza mwaka 2019 walichokiona kwa wanaume 1104 waliokuwa wazima moto katika jimbo la Indiana. Waliwafuata kwa miaka kumi. Wale walioweza pompe zaidi ya 40 mwanzoni walipatwa na maradhi ya moyo na mishipa kwa uchache sana kuliko wale wasiofika 10. Hatari yao ilikuwa pungufu kwa 96 kwa mia. Tusikimbilie kusema kwamba pompe ni dawa ya moyo. Huenda aliyeweza 40 alikuwa pia mtu wa kukimbia, asiye mnene, asiyevuta tumbako. Lakini ni alama nzuri, tena isiyogharimu hata franga moja kuipima.

Wengine watasema: mazoezi ni ya watu walioshiba. Neno hilo twaliheshimu, kwa maana tunaishi nalo. Siku ambayo mtu hajala, asifanye mazoezi. Ajitunzie nguvu zake. Lakini siku za kawaida, chakula chetu kinatosha kujenga misuli tukikichanganya vizuri. Ugali peke yake ni kuni tu. Hutoa moto, haujengi. Tia maharagwe, tia karanga katika sombe, tia ndakala za ziwani, yai likipatikana tia yai. Baba anayejiwekea samaki wote na kuwaachia watoto mchuzi, akidai kwamba ndiye afanyaye kazi, ajue kwamba mtoto naye yu katika kujenga mwili, tena kuliko yeye.

Wamama wetu pia wasisahauliwe. Wao hubeba kuliko sisi, na mtoto mgongoni juu yake. Wengine wamejiunga nasi, nao hushika ubao kuliko wavulana wengi. Aliyezaa karibuni asianze upesi, kwa maana misuli ya mbele ya tumbo huachana wakati wa mimba nayo yahitaji muda kurudiana. Amwulize kwanza mkunga au mwuguzi. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye kupanda damu, na mwenye maumivu ya mgongo yanayoshuka hata mguuni. Na mtu ye yote akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache saa ile ile, aende kwa mwuguzi.

Twamalizia kwa neno kwa wale wenye kuongoza vijana: waalimu, makapitani wa michezo, wazazi. Mkitaka kumwadhibu mtoto, tafuteni njia nyingine; iache pompe iwe kitu chema. Mtoto anayejifunza kwamba mwili wake ni mahali pa kuadhibiwa ataukimbia atakapokuwa mkubwa. Bali anayejifunza kuuhesabia mwenyewe, leo nne, juma lijalo tano, na kuacha kabla ya kuvunjika, amejifunza jambo litakalomfaa hata mbali na uwanja: kujitawala bila kuchungwa.

Nawe msomaji, usingoje Jumatatu. Ukuta upo hapo karibu nawe. Simama mbele yake, weka mikono, jisukume mara tano. Kesho pumzika.